Injini iliyolala: kusoma dalili za Subaru kabla hujafungua kitu

Mwenye Subaru iliyochemsha hukwambia ilianza ghafla. Muulize taratibu. Utasikia kwamba wiki tatu zilizopita alikuwa akiongeza maji kidogo kila Jumamosi, kwamba hita ilikuwa ikitoa hewa baridi siku moja moja, na kwamba kulikuwa na harufu tamu barabarani aliyodhani ni ya gari la mbele. Hakuna ghafla hapo. Gari lilisema mapema, ila lilisema kwa lafudhi yake, na fundi aliyezoea injini za kusimama alilisikia vibaya.

Lafudhi hiyo ina asili. Kampuni inatokana na Nakajima, kiwanda cha ndege kilichoanzishwa mwaka 1917 kule Ota, mkoa wa Gunma, Japani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kiwanda kilivunjwa vipandevipande, na mwaka 1953 kampuni tano kati ya zilizobaki ziliungana kuunda Fuji Heavy Industries. Subaru ni jina la Kijapani la kundi la nyota ambalo sisi tunaliita Kilimia. Ndiyo maana nembo ina nyota sita, moja kubwa na ndogo tano: zile kampuni tano pamoja na hiyo moja iliyozikusanya. Kampuni yenyewe ilichukua rasmi jina la Subaru tarehe 1 Aprili 2017, miaka mingi baada ya watu kuwa wameshaiita hivyo.

Gari lao dogo la mwanzo, Subaru 360 la mwaka 1958, lilikuwa na injini nyuma na halihusiani na tunachohangaika nacho leo. Mambo yalianza mwaka 1966 na Subaru 1000, iliyoleta injini ya boksa: silinda zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, pistoni zikienda na kurudi kama ngumi za mabondia wawili. Mwaka 1972 ikaja Leone ya mzigo yenye kuvuta kwa magurudumu manne. Mwaka 1989 ikaja Legacy na familia ya injini za EJ, ambayo ilidumu zaidi ya miaka 30.

Injini iliyolala huweka uzito chini, na gari hushika kona kama limegandishwa. Gharama yake unaiona ukilala chini ya gari. Gasketi ya hedi, kizibo chembamba kati ya hedi na bloku ya injini, ambayo kwenye injini ya kawaida imelala bapa, hapa imesimama wima, na ukingo wake wa chini unabaki umelowa oili na maji hata gari likiwa limezimwa usiku kucha. Vifuniko vya valvu viko ubavuni, na mabomba ya ekzosi yanapita chini yake. Tone lolote linadondokea kwenye moto. Plagi nazo ziko pembeni, zimebanana na ukuta wa chasi, kwa hiyo fundi mvivu hazifikii na huamua bado ni nzima. Ukishayashika haya matatu, dalili nyingi zinajieleza zenyewe.

Jua kwanza una injini gani

Usiulize "Subaru inasumbua nini?" Uliza EJ20, EJ25, FB au ipi. EJ hutumia mkanda wa taimingi. FB, zilizoanza mwaka 2010, pamoja na FA zilizofuata, hutumia cheni. EZ za silinda sita vilevile ni cheni. Kwenye EJ nyingi mkanda ukikatika, valvu na pistoni hukutana, na baada ya hapo mazungumzo ni ya kutafuta injini nyingine. Masoko mengi huhesabu kilomita 100,000 kwa mkanda mmoja. Ubadilishwe pamoja na tenshana inayoukaza, magurudumu madogo yanayouongoza na pampu ya maji, kwa sababu pampu inazungushwa na mkanda huohuo, na beringi ikikwama kwenye kigurudumu kimoja mkanda mpya unakwenda nacho. Kama umenunua gari bila kumbukumbu yoyote ya mkanda, chukulia kwamba muda wake umeisha. Hapa sibembelezi mtu.

Mshale wa joto unapanda

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, mara nyingi kwa kufungua injini kabla ya kuiuliza maswali. La kwanza: joto linapanda wakati gani?

Likipanda kwenye foleni na kushuka ukianza kwenda, tazama feni. Subaru nyingi zina feni mbili za umeme. Moja ikifa, nyingine hujikakamua hadi siku ya jua kali na kiyoyozi kimewashwa. Washa kiyoyozi gari likiwa limesimama na uone kama zote zinazunguka. Kazi ya dakika moja.

Likipanda kwenye mlima au mwendo mrefu wa kasi, kisha likatulia ukipunguza mwendo, shuku rejeta iliyoziba au gasketi ya hedi. Kama ni EJ25 ya kwanza ya kamshafti nne (shafti zinazofungua valvu), iliyokuwa kwenye Legacy, Outback, Impreza na Forester za nusu ya pili ya miaka ya 1990, anza na gasketi. Hizo zilijulikana kwa kuvujisha ndani: gesi ya moto kutoka chumba cha silinda inapenya hadi kwenye njia ya maji. Nje huoni tone. Unachokiona ni tanki dogo la akiba linalojaa baada ya safari na lisilorudisha maji kwenye rejeta injini ikipoa.

Jaribu hivi. Endesha gari hadi lipate joto vizuri, lisimamishe injini ikiendelea kunguruma, fungua boneti, na uchungulie kwenye tanki la akiba, siyo kwenye rejeta. Kifuniko cha rejeta usikiguse kikiwa na moto. Nimeona mkono ulioungua kwa haraka ya namna hiyo, na haupendezi. Mpira mdogo unaoingia kwenye tanki ukiwa umezama, tazama ncha yake. Viputo viwili vitatu mwanzoni si kitu. Viputo vinavyoendelea kutoka mfululizo, vidogovidogo, kama sufuria inayokaribia kuchemka, hiyo ni gesi ya injini. Kuuthibitisha ushahidi huo, kuna kifaa chenye majimaji ya buluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwa imepoa kabla ya kuwashwa. Yakigeuka manjano kwenye injini ya petroli, gesi ya moto imo ndani ya maji. Kifaa hicho ni rahisi kuliko kushusha injini kwa kubahatisha.

Ila kabla ya kuhukumu gasketi, ondoa washukiwa wadogo. Kifuniko cha rejeta kilichochoka hakishiki presha, na maji huhamia tanki la akiba kwa mtindo uleule. Thamostati ya bei nafuu nayo ina hila: ukiiweka sambamba na ile ya asili utaona ya asili ni kubwa na nzito zaidi, na injini hizi hazisamehe kuwekewa ndogo. Kisha kuna hewa.

Hewa ndani ya mfumo wa maji ni ugonjwa wa kujitakia. Fundi amebadilisha rejeta, amemimina maji hadi mdomoni, amefunga, amekupa ufunguo. Kilomita kumi mbele mshale unapanda. Hedi zimelala pembeni na njia za maji zina mahali pa hewa kujificha. Tafuta skrubu ndogo ya plastiki juu ya rejeta, pembeni mwa upande usio na kifuniko, uifungue. Inua pua ya gari kidogo, mimina kulanti (maji ya kupozea injini) polepole sana, minya mipira mikubwa kwa mkono, na weka hita kwenye joto la mwisho. Dalili ya hewa ni hita: mshale uko juu lakini hita inapuliza baridi. Maana yake ni kwamba maji hayajafika huko, aidha ni pungufu au yamezuiwa na hewa.

EJ25 zilizofuata, za kamshafti mbili, kuanzia karibu mwaka 2000, zina tabia tofauti. Hizi huvujisha nje, polepole, kwenye ukingo ule wa chini niliousema. Lala chini na tochi, pitisha kidole pale hedi inapokutana na bloku. Kidole kikitoka na oili, usikimbie kusema gasketi. Panda juu kwanza, kwa sababu oili ya kifuniko cha valvu au ya sensa ya presha hushuka na kujikusanya hapohapo. Safisha kwa dawa ya kuondoa grisi, endesha siku mbili, tazama tena. Ukavu juu na unyevu chini, ndiyo gasketi. Kuvuja kwa namna hiyo kunaweza kuvumiliwa miezi mingi ukifuatilia kiwango. Kule kwa ndani hakuvumiliwi hata wiki.

Ukifika mahali pa kubadilisha, gasketi ya tabaka kadhaa za chuma, aina iliyotumika kwenye injini zenye turbo, ndiyo wenye uzoefu wengi huchagua badala ya ile ya tabaka moja iliyopakwa. Hedi zipelekwe kusawazishwa kwenye mashine. Gasketi nzuri juu ya hedi iliyopinda hukurudisha palepale.

Watu husema kwa sababu hiyo kwamba injini za Subaru ni dhaifu. Mimi huwakumbusha Januari 1989, kwenye uwanja wa majaribio karibu na Phoenix, Arizona, ambako Legacy yenye EJ20 ya turbo ilikwenda kilomita 100,000 kwa wastani wa kilomita 223 kwa saa, usiku na mchana, siku 18 na ushee. Tatizo la gasketi ni la EJ25 zaidi kuliko EJ20, na silinda zake pana za milimita 99.5 dhidi ya 92 zimeacha ukuta mwembamba wa chuma kwa gasketi kukalia.

Harufu ya kuungua ukisimama

Mara nyingi ni kifuniko cha valvu kinachodondosha oili juu ya ekzosi. Moshi mwembamba, harufu ya karai lililosahauliwa jikoni. Badilisha gasketi za vifuniko pamoja na mipira inayozunguka matundu ya plagi.

Kama harufu ni nzito, ya mpira na grisi, chungulia ekseli ya mbele iliyo karibu na ekzosi. Buti yake ya ndani, yaani mpira unaofunika kiungo, hukaushwa na joto, hupasuka, na kurusha grisi juu ya bomba. Harufu tamu ni kulanti. Rudi sehemu ya juu.

Oili inapungua na chini ni kukavu

Pima vizuri kwanza. Gari liwe mahali tambarare, injini imezimwa dakika kadhaa ili oili ishuke kutoka kwenye hedi zile za pembeni. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe, soma pande zote mbili na uamini upande unaoonyesha kidogo. Kati ya alama ya chini na ya juu ni takriban lita moja. Kwenye injini inayobeba lita nne na kidogo, kufika alama ya chini si jambo la kuahirisha: oili iliyobaki kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, ikienda upande mmoja kwenye kona kali, pampu hufyonza hewa, na beringi za konrodi, mikono inayoshika pistoni, hazisahau.

FB za mwanzo zilijulikana kwa kula oili. Nchini Marekani wamiliki walishtaki, na kesi ikaishia kwa makubaliano mwaka 2016. Yalihusu Forester za mwaka 2011 hadi 2014 na baadhi ya Legacy, Outback, Impreza na XV za miaka hiyo, na udhamini wa injini ukarefushwa hadi miaka 8 au maili 100,000. Sababu ilikuwa ringi za pistoni. Kama unayo moja ya hizo, kagua oili kila unapojaza tanki, usingoje taa.

Kwenye EJ zenye turbo, oili inaweza kupitia turbo yenyewe, na moshi wa buluu huonekana ukianza kuondoka baada ya kusimama muda. Turbo za Legacy na Forester za katikati ya miaka ya 2000 zina jambo jingine: ndani ya boliti za mabomba ya oili kuna vichujio vidogo kama nyavu. Oili ikicheleweshwa kubadilishwa, nyavu huziba, turbo inakosa oili, na inakufa huku ikisambaza chembe za chuma ndani ya injini. Moshi wa buluu pamoja na injini kutetemeka ikiwa imesimama, na kipimo cha mgandamizo kinaonyesha silinda moja dhaifu, hiyo huenda ni pistoni iliyopasuka kwenye makazi ya ringi, hasa EJ25 ya turbo iliyoongezewa presha bila kurekebishiwa kompyuta. Silinda ya nne ndiyo huongoza kwa msiba huo.

Sasa kisa cha oili *iliyozidi*. Niliwahi kusimama juu ya shimo la gereji moja, jirani yangu ameleta Forester yake otomatiki kubadilishwa oili. Kijana akashuka, akafungua nati ya kwanza aliyoikuta, ukubwa wa 17. Kikaanza kutiririka kitu chekundu. Akasema oili imebadilika rangi kwa kuchelewa. Akafunga, akapanda, akamimina lita nne za oili mpya ya injini juu ya ile ambayo haijatoka. Jirani aliondoka mita mia mbili, gari likagoma kuvuta, likatoa moshi mweupe wa buluu kama tanuri la makaa. Yale mekundu yalikuwa oili ya giaboksi. Sampu ya giaboksi ya otomatiki za EJ iko nyuma ya ile ya injini, na nati zake zinafanana.

Kuna na tundu la tatu. Difrensha ya mbele kwenye otomatiki hizo ina oili yake peke yake na kijiti chake peke yake, kimejificha upande wa pili wa giaboksi. Wengi hawajui kama kipo. Gari lenye mngurumo wa chuma mbele ukiachia mafuta, vuta kijiti hicho. Huenda tangu lizaliwe hakijaguswa. Na kila anaposhuka fundi shimoni, mwombe aseme rangi anayoiona kabla hajafungua nati hadi mwisho.

Inagonga

Mlio wa kugonga wa asubuhi, wa kasha tupu, unaoisha injini ikipata joto baada ya dakika chache, kwenye EJ25 ni pistoni kucheza ndani ya silinda ikiwa baridi. Inaudhi masikio, mara nyingi haiui.

Mchakacho wa bati unaosikika kwenye mwendo fulani tu ni ngao ya joto ya ekzosi iliyooza kwenye boliti. Bana kwa klampu. Nimeona watu wakiambiwa injini imekufa kwa ajili ya kibati hiki.

Kofi la mkanda, upande wa mbele, nyuma ya vifuniko vya plastiki: tenshana imeishiwa nguvu. Usiendelee kutembea nayo.

Mlio mzito wa kugonga wa chini, unaokuja ukiinua mzunguko hadi kama 2,500 na kusikika zaidi ukiachia pedali, hiyo ni beringi ya konrodi. Zima. Usijaribu oili nzito, usijaribu kufika nyumbani. Mwaga oili kwenye beseni safi, ikoroge juani: ikimetameta kama imetiwa unga wa dhahabu, umepata jibu.

Sauti ya kishindo na kumisi

Ule mngurumo wa Subaru, duk-duk-duk, uliosikika Colin McRae akichukua ubingwa wa dunia wa rali mwaka 1995, si ugonjwa. Unatokana na mabomba ya ekzosi yenye urefu usiolingana, hivyo milipuko ya upande mmoja huchelewa kufika kuliko ya mwenziwe. Magari mengi ya baadaye yaliwekewa mabomba yanayolingana na sauti ikapotea, wengine wakadhani wameuziwa gari bovu.

Kumisi kwenyewe, yaani silinda moja kukosa kulipuka, kunatikisa usukani na kuwasha taa ya injini. Kompyuta ikisoma P0301 hadi P0304, tarakimu ya mwisho ni silinda, na hapa mafundi hukosea. Ukiwa umekaa kwenye kiti ukitazama mbele, namba moja na tatu ziko kulia, mbili na nne kushoto, moja na mbili zikiwa za mbele. Chomoa plagi husika. Tundu likiwa na oili, mpira wa tundu umekufa na oili imeharibu waya au koili. Hamisha koili kwenda silinda nyingine. Kosa likihama nayo, koili ndiyo.

Gari zito, halivuti, bila kumisi, na namba P0325? Sensa ya kusikiliza kugonga kwa injini, iliyo juu ya bloku, hupasuka kwa joto, kompyuta inaogopa na kuchelewesha moto wa plagi. Boliti moja tu.

Ukikata kona gari linakaza

Unarudi nyuma kwenye maegesho, usukani umekata hadi mwisho, na gari linajivuta kama mtu amekanyaga breki kidogo. Tairi zinaruka. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yanahitaji kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona, na kitu cha kati hakiyaruhusu.

Anza na tairi. Subaru hutaka tairi zote nne zifanane aina, saizi na uchakavu. Mzunguko wa tairi moja na nyingine usitofautiane zaidi ya milimita 6 hivi. Ukipata pancha ukabadilisha moja tu mpya, umeiweka difrensha ya kati kazini kila sekunde ya safari. Vivyo hivyo kwa upepo.

Tairi zikiwa sawa na gari ni otomatiki ya gia nne, tafuta kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti nafasi tupu iliyoandikwa FWD. Tia fyuzi, washa gari, rudia kona. Kama kukaza kumeisha, klachi za nyuma zinafungwa kwa umeme ambao unaweza kusahihishwa, na kubadilisha oili ya giaboksi mara mbili tatu mfululizo kumewasaidia wengi. Kama hakukuisha, solenoidi (valvu ya umeme) inayoamrisha klachi hizo imekwama, au nyumba ya klachi imechimbika. Fyuzi itolewe baada ya jaribio. Giaboksi za mkono hutumia boksi dogo lenye majimaji mazito ya silikoni. Likipikwa na tairi zisizolingana hukaza moja kwa moja, na hakuna dawa ya chupa.

Taa zote zimewaka

Injini, kuteleza, na taa ya kudhibiti mwendo inapepesa. Usihesabu magonjwa matatu. Kwenye matoleo ya karibuni kosa moja la injini, hata kifuniko cha tanki la petroli kilicholegea, huzima mifumo mingine kwa tahadhari. Soma namba ya injini kwanza, zingine zitafuata. Taa ya AT OIL TEMP ikipepesa mara tu ukiwasha, giaboksi ina kosa lililohifadhiwa. Haihusiani na joto.

Na kama kwenye EJ ya zamani feni zinawaka na kuzimika zenyewe, taa ya injini inapepesa, na kuna mlio wa tik-tik ufunguo ukiwa umegeuzwa ila injini haijawashwa, pinda uchungulie chini ya dashibodi upande wa dereva. Kuna plagi mbili za waya, za kijani. Fundi aliziunganisha kufanya majaribio akasahau kuzitenganisha.

Kitufe cha kuwasha hakikubali, au gia haitoki kwenye P

Kabla ya betri na funguo, mwambie mtu asimame nyuma uone kama taa za breki zinawaka. Mwaka 2019 kampuni iliyaita magari zaidi ya milioni mbili duniani, Impreza na Forester za miaka fulani miongoni mwao, kwa sababu swichi ya taa za breki ilikuwa ikiharibiwa na mvuke wa silikoni kutoka kwenye bidhaa za kawaida za usafi na urembo. Swichi isipoona breki, gari halikubali kuwaka.

CVT

Hii ni giaboksi otomatiki isiyo na gia za hatua. Kwa ufupi. Gari likizimika unaposimama, kama la mkono ulilosahau kukanyaga klachi, shuku solenoidi inayofunga konveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi), iliyo kwenye boksi la valvu za giaboksi. Lineartronic, yaani CVT za Subaru, za kwanza, magari ya 2010 hadi 2015, zilirefushiwa udhamini Marekani hadi miaka 10 au maili 100,000. Usitie ATF ya kawaida (oili ya otomatiki za gia) humo hata ukiambiwa ni sawa. Cheni ya ndani inashika kwa msuguano wa oili yake maalumu.

Mvumo kama wa eropleni na nyuma kulala

Mlio unaokua na mwendo na kubadilika ukipinda kushoto au kulia ni beringi ya gurudumu. Za nyuma kwenye Forester na Impreza za zamani huongoza. Pinda kulia mlio ukizidi, ya kushoto ndiyo inayobeba mzigo, anza nayo.

Forester iliyokaa nyuma kama imebeba gunia, hali buti ni tupu, yawezekana ina shokapu za kujiinua zenyewe. Zikivuja hazijiinui tena. Ukiweka za kawaida, badilisha na springi zake pamoja, kwa sababu springi za asili ni laini na zilitegemea shokapu kubeba. Wengi hubadilisha shokapu peke yake, gari linashuka zaidi kuliko lilivyokuja, na wanarudi gerejini kulalamika kwamba wameuziwa kitu feki.